Taa za Ughaibuni, Giza la Kalamu Zetu

Kila Desemba insha ni ileile. Mwandishi wetu yuko London, anatoka kituo cha Oxford Circus, anainua macho, basi: taa! Eti "nilijiona mtoto tena". Halafu aya ya mwisho inarudi nyumbani kutuambia kwetu Krismasi imepoa, kwetu giza. Jamani, tumechoka.

Sisemi watu wasifurahie. Nami nimesimama Regent Street shingo juu mpaka ikauma, nikafurahi kweli. Tena nikaandika insha hiyo hiyo. Shangazi yangu wa Handeni akaisoma kwenye simu, akanipigia: "Mwanangu, kumbe miaka yote ile tulikulea gizani?" Sikuwa na jibu.

Kosa langu lilikuwa kutazama taa bila kuuliza nani kaziwasha. Taa za Regent Street zilianza 1954, za Oxford Street 1959, na nyuma yake kuna wenye maduka wanaotaka wateja. Mti wa Trafalgar Square hutoka Oslo kila mwaka tangu 1947, shukrani ya Wanorwe kwa msaada wa Waingereza wakati wa vita. Biashara na deni la vita: hapo ndipo palikuwa na insha. Mimi nikaleta shingo yangu.

Na hilo giza la kwetu? Nenda stendi ya Korogwe tarehe 23 Desemba. Mabasi ya Moshi na Arusha yanapita yamejaa, Wachaga wanakwenda "kuhesabiwa", wauzaji wanakimbilia madirishani na maembe. Wengi wao ni Waislamu, na Krismasi ndiyo inawalipia ada za Januari. Ukifika kwetu, kuku anapelekwa kwa jirani Mwislamu amchinje, ili pilau liliwe na wote. Usiku karabai inaunguruma kanisani. Nani kaandika hayo?

Hata ukitaka taa zenyewe, zipo. Pale Hale, wilayani Korogwe, maji ya Mto Pangani yanazalisha umeme tangu 1964. Kwa miaka mingi nyaya zilipita juu ya vijiji vilivyowasha vibatari. Kama kulikuwa na giza, lilikuwa na sababu, na sababu ndiyo kazi ya mwandishi. Kulitaja giza tu na kuondoka ni uvivu.

Wala si kwamba Kiswahili hakijui kusafiri. Selim bin Abakari alikwenda Urusi na Siberia, akatuandikia nchi na watu aliowakuta. Carl Velten akaichapisha habari hiyo 1901. Zaidi ya miaka 120 baadaye, sisi tunaleta balbu.

Basi mwakani, ukishuka Oxford Circus, furahi. Kisha teremsha macho, umsalimie anayefagia chini ya taa hizo. Huenda akakuitikia kwa Kiswahili. Anzia hapo kuandika. Na kabla hujaichapisha, msomee shangazi yako.