Hakuna Kilaza wa Kuzaliwa

Matokeo yakisomwa vijijini kwetu Singida, hukumu huwa tayari: "Huyu ni kilaza, mwacheni achunge ng'ombe." Wazazi wanaitikia, na baadhi ya walimu pia. Naipinga hukumu hiyo, kwa sababu inamfunga mtoto kwa kosa lisilo lake.

Mtazame mtoto wa Kinyaturu kule Ikungi siku anapoanza shule. Mbuzi wa baba yake anawahesabu bila kukosea, na hadithi za bibi anazisimulia mwanzo hadi mwisho, vyote kwa Kinyaturu. Darasani anakuta Kiswahili, lugha aliyozoea kuisikia mnadani tu. Mwenzake wa Mkalama anayezungumza Kihadza ana safari ndefu zaidi, maana lugha yake si ya Kibantu hata kidogo. Mwalimu anauliza, mtoto ananyamaza, na ukimya unahesabiwa kuwa ujinga. Akijikaza akamaliza la saba, kidato cha kwanza kinampokea kwa Kiingereza. Ananyamazishwa mara ya pili.

Mtaniambia wapo wanaofaulu. Wapo, na wengi wao wana mtu nyumbani wa kuwasemesha Kiswahili, tena wamekunywa uji kabla ya kutoka. Januari shule zinafunguliwa wakati mtama wa ghalani unakaribia kwisha na jembe linamngoja kila mwenye mikono. Mtoto aliyetembea mwendo mrefu bila kula atasinzia, hata angekuwa na akili za namna gani.

Na fimbo? Kanuni za viboko zinazungumzia utovu mkubwa wa nidhamu. Kushindwa kusoma silabi si utovu wa nidhamu. Anayemchapa mtoto kwa hilo anamfundisha kuogopa kuuliza, na asiyeuliza hasomi.

Dawa tunaijua. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza, uliwatumia wanajamii kuwaandaa watoto kwa hadithi na michezo kabla ya darasa la kwanza, katika mikoa kama Shinyanga na Tabora. Sera ya Elimu ya 2014 nayo iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Mwalimu wa awali aliyepangwa kutoka mkoa mwingine apewe mama wa hapo kijijini anayejua lugha zote mbili, akae naye darasani.

Wajumbe wa kamati za shule, msimu huu wa mavuno tengeni debe la mtama wa uji kutoka kila kaya inayoweza, kabla wanunuzi hawajaumaliza. Nanyi walimu, mtoto akinyamaza, mwulizeni tena kwa lugha ya kwao kabla hamjamwandikia sifuri.