Kabla ya Kutuma Pesa ya Mashine Kubwa, Uliza Boti Imepandishwa Lini

Ujumbe wa sauti huwa unaingia usiku, vyombo vishaoshwa na watoto wa watu washalala. Au unaingia kwenye basi la kambi, watu wanarudi kutoka saiti na vumbi la saruji kichwani. "Dada, shikamoo. Mashine imechoka. Wenzetu wote wanatupita, tukifika mnadani bei ishashuka. Tukipata ya farasi sitini tu, mambo yatakuwa sawa."

Ndugu zetu mnaotoka pwani mnaujua ujumbe huu. Awe kaka Nungwi, mjomba Mkoani au shemeji Kilindoni, maneno ni yale yale. Na ombi lenyewe si la uongo. Kwenye samaki, kufika mapema ni pesa. Barafu inayeyuka, na mchuuzi hakungojei.

Lakini sisi tunasema hivi, na tunajua wapo watakaokasirika: mara nyingi boti haihitaji mashine kubwa. Inahitaji kusuguliwa, kukaushwa na kurekebishwa propela, ile ambayo wazee wanaiita rafadha. Mashine ndiyo kitu cha mwisho kununua, na sisi tuliopo nje tunakifanya cha kwanza kwa sababu ndicho tulichoombwa.

Tunayasema haya kwa sababu yametukuta.

Kwetu tuko ndugu wanne, wawili tuko nje. Boti ni ya faiba, futi 23, na kwanza ilikuwa na mashine ya farasi 25. Mdogo wetu akaomba ya 40. Tukachanga, na ilipopungua tukachukua pesa tuliyoiweka kwa ajili ya bati la nyumba ya mama. Tukamwambia mama asubiri msimu mmoja. Mashine ikafungwa, boti ikaruka, tukatumiwa video, tukafurahi. Msimu ukaisha, boti ikarudi mwendo wake wa zamani, petroli imepanda, na ujumbe ukaja tena: sasa tunataka 60.

Safari hii mmoja wetu alikuwa likizo nyumbani. Akamwita fundi mzee. Mzee hakufungua hata kifuniko cha mashine. Aliuliza, "Boti hii imepandishwa juu lini mara ya mwisho?" Hakuna aliyekumbuka.

Maji yalipokupwa wakailaza. Tumbo lote lilikuwa mwani na vile vigamba vigumu vinavyokata mguu. Wakatoboa sakafu kidogo, yakatoka maji yaliyokuwa yamejificha chini yake: ndoo tisa za lita 20. Hizo ni lita 180, yaani kilo 180 na ushei. Abiria watatu wazima, kila siku, hawalipi nauli. Propela nayo ilikuwa na ubawa mmoja uliopinda kwa kugonga mwamba.

Kabla ya kazi hiyo simu ilionyesha kilomita 24 kwa saa, mafuta yamekazwa mpaka mwisho. Baada yake, mashine ile ile, mzigo ule ule, kilomita 33. Hatukutuma mashine. Tulituma pesa ya rangi, ya fundi, na ya kunyoosha propela.

Hesabu ya dakika

Sisi kazi yetu ni hesabu, basi tuitazame kama hesabu ya duka.

Kwa boti nyepesi inayopanda juu ya maji, ukitaka mwendo mara mbili unahitaji nguvu karibu mara nne. Kutoka farasi 40 kwenda 60 umeongeza nguvu kwa nusu, lakini mwendo unaongezeka kama asilimia 22 tu, tena hapo hujahesabu uzito wa mashine mpya. Petroli je? Kanuni ya mafundi kwa mashine ya nje iliyokazwa mpaka mwisho: farasi 40 inakunywa kama lita 15 kwa saa, farasi 60 kama lita 23. Mashine kuukuu ya tu-stroki inapita hapo.

Tuseme uvuvi uko kilomita 24 kutoka pwani. Boti chafu yenye farasi 40, kwa kilomita 24 kwa saa, inatumia dakika 60 na lita 15. Boti hiyo hiyo chafu ukiifunga farasi 60, inatumia dakika 49 na karibu lita 19. Umeokoa dakika 11 na umelipa lita 4 zaidi. Kwenda na kurudi ni lita 8. Safari 25 kwa mwezi ni lita 200 za petroli, kila mwezi, na bado hujarudisha bei ya mashine.

Sasa boti iliyosafishwa, farasi 40 ile ile, kilomita 33 kwa saa: dakika 44 na lita 11. Imeishinda ile ya 60, na imekunywa kidogo kuliko zote.

Na kama chombo ni mashua ya mbao yenye tumbo zito, inayopasua maji bila kupanda juu yake, hesabu ni kali zaidi. Chombo cha namna hiyo kina mwendo wake wa mwisho, unaotokana na urefu wake majini. Chukua urefu kwa futi, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 2.5, utapata kilomita kwa saa. Futi 25, kipeuo chake 5, jawabu ni kama kilomita 12 na nusu. Ukivuka hapo, mashine inatengeneza mawimbi tu. Ukimtumia mwenye mashua hiyo mashine kubwa, umemnunulia kelele.

Upande wako wa hesabu unaujua wewe. Tuseme unaweka riali 50 kwa mwezi na mashine ni riali 1,500. Hiyo ni miezi 30, sikukuu tano za Idi ukiwa mbali na wanao. Dakika 11 hizo zinunuliwe kwa miezi 30? Sisi tunasema hapana, mpaka kwanza yafanyike ya bei ndogo.

Ya bei ndogo, kwa mpangilio

Kwanza, wapime. Simu yoyote yenye GPS inatosha. Mafuta kiasi kile kile, watu wale wale, bahari tulivu, kwenda na kurudi ili mkondo na upepo visidanganye, kisha wachukue wastani. Waandike. Bila namba ya kabla, kila kilichonunuliwa kitaonekana kimesaidia.

Pili, tumbo. Boti inayolala majini lazima iote mwani. Wazee wetu walilijua hili. Ndiyo maana jahazi lilipwelewa, likasuguliwa na kupakwa deheni. Faiba haikubadilisha sheria za bahari. Wasugue kwa ubao au plastiki, si kwa panga, wasije wakaikwangua ile ngozi ya juu. Rangi ya kuzuia mwani inasaidia, ila yenye shaba isiguse mguu wa alumini wa mashine, itaula. Boti inayovutwa pwani kila siku haihitaji rangi hiyo.

Tatu, uzito. Wafue maji mpaka yaishe, watafute yanapoingia wazibe. Nanga ya ziada, minyororo, madumu matupu, nyavu mbovu, vyote vishuke. Visivyoshuka ni makoti ya kuokolea, makasia, nanga moja na kata ya kufulia maji. Tusikie vizuri hapo. Mwendo unaopatikana kwa kuacha makoti pwani si akiba, ni deni, na anayelilipa ni mama wa mtu.

Nne, mashine yenyewe. Plagi mpya, chujio la petroli, kabureta kusafishwa, maji yasiwemo kwenye tangi, oili ichanganywe kama kitabu kinavyosema. Halafu jambo ambalo wengi hawaliangalii: mkono ukizungushwa mpaka mwisho, je, kabureta inafunguka mpaka mwisho? Waya ukilegea, mashine ya 40 inafanya kazi kama ya 30 na hakuna anayejua. Kuangalia ni bure, mashine ikiwa imezimwa.

Tano, mkao wa mashine. Lile bapa lililo juu ya propela liwe karibu usawa mmoja na chini ya boti. Likizama sana, mguu unavuta maji kama breki. Likipanda sana, propela inakamata hewa, mashine inalia na boti haiendi. Mguu mfupi ni wa ubao wa tezi wa inchi 15, mrefu ni wa inchi 20; tumeona mashine ya mguu mrefu imenunuliwa Dubai kwa upendo mwingi, ikafungwa kwenye tezi fupi. Pia ipo pini ya kuinamisha mashine. Omo ikizama na kulima maji, pini isogezwe tundu moja nje. Omo ikidundadunda, irudishwe tundu moja ndani. Na mzigo usirundikwe sehemu moja.

Sita, propela. Ina namba mbili. Ya kwanza ni upana wake. Ya pili ni inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa magumu. Vijana wanadhani namba ya pili ikiwa kubwa, boti inakimbia. Kwenye boti yenye mzigo ni kinyume: mashine inabanwa kama mtu anayepanda ngazi na mifuko miwili ya saruji. Mashine nyingi hizi zinataka zifike kama mizunguko 5,000 kwa dakika zikikazwa. Kiwango kamili kiko kwenye kitabu chake. Zisipofika, punguza namba ya pili. Kila inchi moja inaleta kama mizunguko 150 hadi 200.

Kipimo cha mizunguko kinachozungushiwa waya wa plagi ni kitu kidogo, kinaingia kwenye begi pamoja na manukato na halua. Kama unataka kuwapelekea nyumbani kitu cha boti mwaka huu, peleka hicho.

"Mnatunyima"

Tunajua jibu litakalokuja. "Dada sasa ana pesa, kazi yake kutufundisha bahari." Maneno haya yanauma, hasa yakitoka kwa mdogo uliyemlea. Na kweli, aliye majini ni yeye. Sisi wa nje tunaweza kukosea kwa kiburi, tukadhani aliyebaki hajui kitu.

Ila tumejifunza kwamba mdogo wetu hakuwa mvivu wala mwongo. Boti kupanda siku tatu ni siku tatu bila samaki, na nyumba yake inakula kwa siku. Hakuwa na pesa ya kusimama, basi akaomba kitu ambacho hakingemsimamisha. Hakuna aliyemuuliza. Siku tulipomlipia zile siku tatu, boti ilisafishwa. Sasa hilo ndilo fungu tunalotuma: mara mbili kwa mwaka, bamvua likikupwa vizuri, posho ya siku za kupandisha boti.

Wala hatusemi mashine isinunuliwe kamwe. Fundi akipima mgandamizo wa silinda akakuta moja imelala kabisa, au maji ya chumvi yamekula bloku, hiyo imekufa, na kuitengeneza ni kuitia pesa kisimani. Nunua, ikiwezekana ya nguvu ile ile, mguu sahihi, kwenye duka lenye vipuri karibu. Lakini usivuke kiwango ambacho ubao wa tezi unaweza kubeba. Ubao ukipasuka katikati ya mkondo, mashine inakwenda chini na watu nao wako hatarini.

Basi ujumbe ukiingia leo usiku, usijibu "sina" na usijibu "nitatuma". Jibu: "Marahaba mdogo wangu. Boti imepandishwa lini? Nitumie picha ya tumbo, picha ya propela, na mwendo wa simu kwenda na kurudi." Akikutumia, tuma fungu la kwanza, la kusafisha na kurekebisha, moja kwa moja kwa fundi au kwa duka, na risiti irudi kwako. Mwendo upimwe tena. Ukiwa bado hautoshi, hapo ndipo mkae muongee habari ya mashine, mkiwa na namba mbili mkononi badala ya hasira mbili.

Bati la mama liliezekwa mwaka uliofuata. Alisubiri misimu miwili badala ya mmoja, na mvua ya masika ilimkuta na ndoo sebuleni. Hilo hatulisahau, na ndilo lililotufanya tuandike.