Kabla Hujauliza Bei, Uliza Kama Mvua Imenyesha

Leo naomba tuongelee mvua. Najua kuna watakaosema mvua ni mambo ya wakulima, sisi wa dukani inatuhusu nini. Hata mimi nilisema hivyo hivyo, ikanigharimu laki nne na mtu niliyekuwa naaminiana naye.

Nina duka hapa Wasso, Loliondo. Shule niliishia fomu foo, biashara nimejifunza kwa kupigwa. Sasa sikilizeni pigo lenyewe.

Ilikuwa Vuli ya 2023. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza mapema, tangu Agosti, kwamba mvua za msimu ule zitazidi kawaida kwa sababu ya El Niño. Nilisikia redioni, nikaendelea kupanga sabuni. Mwezi wa kumi na moja nikachukua laki sita kwenye kikoba, mama ndo aliyenidhamini. Nikampigia dada mmoja wa Karatu anayenikusanyia mzigo, nikamwambia nataka vitunguu vya Mang'ola na nyanya. Akanijibu, "Mdogo wangu, huku imenyesha siku nne mfululizo. Vitunguu vimeng'olewa na maji, subiri kidogo." Mimi nikamuuliza bei. Bei ilikuwa imeshuka. Nikamwambia dada we pakia tu.

Mzigo ulifika umependeza. Vitunguu vikubwa vyekundu, nyanya zinang'aa. Siku ya tatu nikaanza kusikia harufu. Siku ya tano nilikuwa namwaga nyuma ya duka na mbuzi wenyewe wanachagua. Nikampigia yule dada, simu iko spika, wateja wanasikia, nikamwita mwizi. Nikasema amenichanganyia mzigo wa zamani. Kumbe mzigo ulikuwa mpya kabisa.

Hapo ndipo penye hoja yangu, na najua inapingana na ushauri tunaopeana kila siku wa "nunua bei ikiwa chini". Kwa vitu vikavu sawa, sukari haijali mvua ya jana ikishakuwa stoo. Ila kwa mboga na matunda, bei ikishuka ghafla baada ya mvua usishangilie. Mkulima ameona zao litaozea shambani, anavuna haraka auze haraka. Hana kosa, hata mimi ningefanya hivyo. Lakini anayepokea ile hatari ni mimi na wewe. Kila tenga lina siku zake ndani. La kiangazi linaweza kuwa na siku nane, la mvua siku tatu, na kwa macho yanafanana.

Chukua kitunguu. Kikikomaa vizuri majani yanalala yenyewe, shingo inasinyaa na kujifunga kama mdomo wa mfuko. Kikianikwa baada ya hapo kinakaa muda mrefu. Mvua ikikikuta wiki za mwisho, kinaendelea kunywa maji. Kinakuwa kikubwa na kizito, mfanyabiashara anafurahi, lakini shingo inabaki nene na mbichi, na uozo unapitia hapo hapo. Ukikishindilia kwenye gunia la lumbesa hewa haipiti, kimoja kinaozesha wenzake (na lumbesa ni kosa kisheria, tuacheni jamani). Siku hizi nabonyeza shingo kwa kidole gumba. Ikiwa laini, sichukui. Natikisa gunia pia, maganda makavu yanachakarisha yenyewe. Na namuuliza muuzaji vimeanikwa siku ngapi. Akianza kuzunguka na maneno, nimeshajibiwa.

Nyanya ndo mtihani zaidi. Ikikaa na ukame halafu mvua kubwa ije ghafla, maji yanaingia kwa kasi kuliko ganda linavyotanuka, inapasuka. Mipasuko mingine ni midogo sana, iko pale kwenye kikonyo, huioni mpaka ugeuze. Halafu kuna ukungu wa baka jani, unaopenda baridi na majani yaliyolowa. Nyanya inaweza kutoka shambani safi kabisa, doa la kahawia likatokea siku ya pili au ya tatu iko gengeni kwako. Ukiwa hujui hili utagombana na kila mtu, kama mimi.

Msifikiri kiangazi ni salama. Jua likizidi ndo raha ya kantangaze, angalia vitundu vidogo vidogo. Mkulima akimwagilia leo akaacha siku nyingi kisha akamwagilia sana, nyanya inaoza kitako, ile sehemu ya chini inakuwa nyeusi. Na kuna jambo moja nililijua kwa kuchelewa: joto likipita nyuzi 30, nyanya inashindwa kutengeneza wekundu wake vizuri, inaiva na rangi ya njano au chungwa. Nilikuwa nazikataa nikidhani ni mbichi. Siku hizi nazichukua nikipunguziwa bei, namweleza mteja ukweli, anapika mchuzi wake vizuri tu.

Kabichi ni kama nyanya, ukame halafu mvua inapasuka kichwa. Viazi vikija na tope, rudisha. Vikiwa vya kijani kwa kupigwa na jua, usiuze kabisa, ile sehemu ina sumu.

Halafu kuna hali ya hewa ya njiani, hii watu wa mjini hawaijui. Mzigo wetu ukipita njia ya chini unatoka Karatu kwenye baridi, unashuka Mto wa Mbu, unapita Engaruka na Engaresero karibu na Ziwa Natron kwenye joto kali, kisha unapanda tena Sale mpaka huku Wasso kwenye baridi. Mboga iliyovunwa bado inapumua, na joto likipanda nyuzi 10 inapumua mara mbili mpaka tatu zaidi. Maana yake zile siku ulizonunua zinaishia kwenye gari. Ikipanda baridini usiku, jasho linaganda chini ya turubai, ukifunua asubuhi matone yanadondokea mzigo. Lami tuliyopata kati ya Sale na Wasso imepunguza kutikiswa, ila lami haipunguzi joto. Mimi namwomba dereva apite bonde usiku, na mzigo ukifika naumwaga kivulini upate hewa kabla ya kupanga. Kupanga nyanya zilizolowa ni kupanda ukungu.

Na baridi ya huku nayo usiisahau. Mwezi wa sita mpaka wa nane ukileta nyanya za kijani ukitegemea ziivie dukani, utangoja sana, nyingine zitalegea bila kuwa nyekundu. Kipindi hicho nachukua zilizoanza kuiva. Kipindi cha joto nageuza, nachukua zenye rangi kidogo tu.

Sasa najua mtaniuliza, mteja anataka kitunguu leo, utamwambia Mang'ola kumenyesha? Ni swali la haki. Kodi ya fremu haisubiri vitunguu vikauke. Jibu langu sio zuri sana: napunguza. Badala ya gunia mbili nachukua nusu, nauza kwa bei ya juu kidogo, inaisha kabla haijanuka. Pesa inayobaki naweka kwenye dagaa na maharage, au nachukua mboga na ndizi za karibu, za mifereji ya Wasonjo kule Digodigo, ambazo hazikai njiani muda mrefu. Faida inapungua, sikatai. Lakini laki sita ya kikoba nililipa kwa miezi saba, na mama aliuza mbuzi wawili bila kuniambia. Nilijua baadaye.

Yule dada wa Karatu nilimwomba radhi. Alinisamehe, na bado ananikusanyia mzigo. Ila zamani alikuwa akinipigia yeye mwenyewe, "Mdogo wangu, usinunue wiki hii." Siku hizi hanipigii. Nisipomuuliza kama imenyesha, hasemi, anapakia nilichoagiza. Kwa hiyo kila nikipiga simu, mvua ndo swali langu la kwanza, bei inafuata.

Jana nimempigia. Imenyesha siku tatu. Leo genge langu halina vitunguu, jirani anavyo vikubwa vinang'aa, na wateja wangu wawili nimewaelekeza kwake mimi mwenyewe. Nimewaambia wanunue vya leo na kesho tu.