Muziki mu Celica ya zamani: muache kukata mafili

Siku ya posho mangaribi mu Lubumbashi utazisikia mbele ya kuziona. Celica ya milango miwili, Altezza, mara moja moja RX-8: motokari za sport zilizopita miaka ishirini, zilizotoka Japani kwa meli mpaka Dar es Salaam, zikafuata barabara ya Tunduma na Zambia, zikaingia kwetu ku Kasumbalesa. Moteri ingali na nguvu. Rangi wameirudilia vizuri. Lakini ndani ya mlango bafle inalia sawa bati.

Sisemi vijana wasibadilishe muziki. Wabadilishe. Ninachokataa ni namna tunavyofanya kazi hii: kisu kinatoka mbele ya kipimo, prizi ya Toyota inakatwa, mafili ya umeme yanasokotwa na kufungwa na skochi, na mwenye motokari analipa akisema aksanti. Kazi ya namna hiyo inashusha bei ya motokari, inaharibu sauti ile ile tuliyokuja kutafuta, na kuna siku inaweza kuunguza kila kitu.

Tuanze na radio yenyewe, juu wako watu wanaouliza kama ni lazima kuitoa. Kule Japani, FM ya miaka ile ilianza ku 76 na kuisha ku 90. Huku kwetu inapanda mpaka 108. Radio Okapi ya Lubumbashi iko ku 95.8, kwa hiyo radio ya Celica inafika 90, inasimama, na Okapi inabaki kule juu. Wengine wanaweka kisanduku kidogo ku antena, kinachoteremsha stesheni zote. Kikiteremsha kwa 16, Okapi itatokea ku 79.8, na wewe shofere utabaki unapiga hesabu njiani. Tena sauti inachafuka, na kuna stesheni zinazokosa nafasi kabisa. Ongeza menyu ya kijapani, ongeza ile tundu ya minidisc ambayo hakuna mtu huku anauzisha diski zake. Kweli, radio ile imemaliza kazi yake.

(Kama unataka paka habari na nyimbo kidogo kutoka ku telefone, nunua kile kifaa kinachoingia pale pa kuwashia sigara, ukiweke kati ya 88 na 90. Radio ya kijapani itakisikia. Sauti si nzuri sana, lakini hakuna kitu kilichokatwa.)

Sasa umenunua radio mpya, umefika ku garaji. Fundi anatoa tablo, anaangalia nyuma, anasema:

— Yaya, hii prizi ni ya kijapani, haiingie ku radio yako. Tunaikata tu. Tunafanyaka vile siku yote.

— Sawa, fundi. Fanya.

Hapa njo ubaya unaingia. Nyuma ya radio ya Toyota ya miaka ile kuko prizi mbili, moja ya meno kumi, moja ya meno sita. Ile ya kumi inabeba umeme na bafle za mbele, ile ya sita inabeba bafle za nyuma. Toyota ilizitumia ku motokari nyingi sana, kwa miaka mingi. Ndiyo sababu kuko kamba fupi inayouzishwa tayari: upande mmoja inaingia mu prizi ya Toyota, upande wa pili inaungwa na radio mpya. Bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya radio. Unaunga mafili juu ya meza, kwa utulivu, na taa nzuri, kisha unachomeka. Siku unauzisha motokari, ao radio inaibiwa, unachomoa, unarudisha ya zamani. Minuta kumi.

Fundi anayekata anakata pia habari. Ku radio mpya, fili ya njano ni umeme wa kudumu kutoka ku batri, nyekundu ni umeme wa funguo, nyeusi ni masi. Lakini ku Toyota za miaka ile umeme wa kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, wa funguo ni kijivu, na masi ni kahawia. Anayefuata rangi kwa macho anapotea, na watu wanapotea sana. Akipindua zile mbili, radio inasahau saa na stesheni kila unapozima moteri. Akiziunga zote pamoja ku umeme wa kudumu juu ya kumaliza haraka, radio inaweza kula batri usiku, na asubuhi unaita majirani wasukume. Tena kuko plagi za njano zinazoenda ku usukani na ku tablo: zile ni za airbagi. Mtu anayetafuta umeme humo na taa ya kupimia anacheza na baruti.

Na moto? Watu wanasema fyuzi itakatika tu. Si vile. Fyuzi inaona umeme ukiwa mwingi, haioni joto. Fili mbili zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa na skochi zinatikiswa na barabara zetu, zinapata vumbi la mwezi wa nane, gundi ya skochi inayeyuka na jua. Polepole zinaachana. Umeme unaopita pale ni ule ule wa kawaida, hivyo fyuzi inatulia, lakini pale zinapogusana kidogo tu panawaka joto. Plastiki ya miaka ishirini na tano iko pembeni, imekauka. Sihitaji kueleza zaidi.

Tupite ku wati, juu hapa vijana wanadanganywa na karto. Inaandikwa "52 W x 4". Piga hesabu: nne mara hamsini na mbili ni wati 208. Sasa geuza radio, angalia fyuzi iliyo nyuma. Mara nyingi imeandikwa 10. Amperi 10 mara volti 14.4 za motokari inayotembea ni wati 144, na hapo hatujatoa joto linalopotea, wala taa za ekra. Radio itatoa namna gani 208? Ukweli ni karibu wati 15 mpaka 20 safi kwa kila bafle. Na sikiliza: zinatosha kwa watu wengi, kama bafle ni nzuri na mlango umetengenezwa.

Mlango, basi. Njo mahali ninapotaka mtu aweke feza yake ya kwanza. Mlango wa Celica ni sanduku la bati lenye matundu. Bafle inapiga hewa mbele na inapiga hewa nyuma, kinyume. Hewa ya nyuma ikipita mu matundu na kukutana na ya mbele, besi zinauana, na hakuna ampli itakayozifufua. Ni sawa kujaza maji mu ndoo iliyotoboka. Dawa yake si ya ajabu: funga matundu makubwa, bandika juu ya bati zile karatasi nzito za mpira zinazozuia kutetemeka, weka chini ya bafle duara ya mbao ngumu ao plastiki, na kaza visi vyote vya ngozi ya mlango. Nailo iliyo ndani ya mlango usiipasue. Kila mara ninaona imepasuliwa na kutupwa chini. Ile inazuia maji ya mvua yanayoteremka nyuma ya kioo. Ukiitoa, kufika mwezi wa kwanza bafle ya karatasi inalowana, inavimba, na unarudi ku garaji kulalamika.

Kisha bafle, na za mbele peke yake. Fikiri: motokari ya sport ya milango miwili, kiti cha nyuma wanakaa watoto ao mifuko. Wanaosikiliza ni wawili, wote mbele. Juu ya nini basi feza inaenda nyuma, ku bafle kubwa za yai zilizotobolewa mu rafu? Chukua feza ya nne, nunua mbili za mbele zilizo na heshima. Za nyuma ziache zilie kidogo.

Besi nazo? Celica iko na mlango mkubwa wa nyuma unaofunguka pamoja na kioo, kwa hiyo buti na kabini vinapumua hewa moja. Kisanduku kidogo cha besi kinatosha kabisa. Wenye kuweka masanduku mawili ya kilo nyingi nyuma, mu motokari waliyoinunua juu ya kukata kona vizuri, mimi sijawaelewa.

Lakini anayetaka ampli afanye sawasawa. Ampli inayotoa kweli wati 500 inaomba zaidi ya amperi 40 ikipigwa kwa nguvu, na dinamo ya zamani iko tayari na taa, feni na moteri yenyewe za kulisha. Kamba yake inatoka ku batri, na fyuzi yake ikae karibu na batri, isipite sentimita 45. Si ku ampli, kule nyuma. Kamba ile inapita tundu la bati kati ya moteri na kabini. Siku bati likikata ngozi yake, batri nzima inaingia mu bati, na fyuzi iliyo kule buti haijui kitu. Ndani ya tundu lile iwe mpira, si bati tupu.

Na kamba yenyewe. Hapa ninaomba ruhusa ya kukasirika kidogo. Sisi watu wa jimbo lililoitwa Shaba tangu 1971 mpaka 1997, sisi tunaopishana kila siku na makamio yaliyobeba shaba kwenda Kasumbalesa, tunanunua kamba za ampli zisizo za shaba. Ni aluminiamu iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Kwaruza na kisu: ndani ni nyeupe. Ishike mkononi: ni nyepesi, juu shaba inashinda aluminiamu kwa uzito zaidi ya mara tatu. Aluminiamu inapitisha umeme karibu 61% ya ule unaopita mu shaba ya unene ule ule. Si sumu, tusizidishe. Ukichukua nene zaidi, itafanya kazi. Ubaya ni kuiuzisha kwa jina na bei ya shaba, na kuhesabu unene wake kama shaba. Hapo kamba inapata joto na ampli inakosa pumzi.

Najua jibu nitakalopewa: motokari ni yangu, ninaikata ninavyopenda. Ni yako, hakuna anayebisha. Lakini Toyota iliacha kutengeneza Celica mwaka 2006. Zile tulizo nazo njo zile, hakuna zingine zinakuja, na anayenunua kwako kesho ataangalia nyuma ya radio mbele ya kuangalia moteri, kama ana akili. Hata Porsche, mwaka 2020, ilitoa radio mpya za kuingia mu tundu lile lile la 911 za zamani, zenye sura ya kizamani mbele na Apple CarPlay ndani. Bei yao si ya kwetu. Lakini wazo ni la bure: kitu kipya kiingie mu nafasi ya zamani, na motokari isijue kwamba kuna kitu kimepita.

Neno moja kwa wapenda kelele. Motokari hizi usukani uko kuume, na sisi tunatembea kuume. Shofere amekaa upande wa mufereji, haoni vizuri kinachokuja anapotaka kupita kamio. Masikio yake ni nusu ya macho yake. Akifunika klakso na besi, amebaki na nini ya kumwongoza? Rafiki aliyekaa kushoto, naye anacheza telefone.

Kwa hiyo, mbele ya kuacha funguo ku garaji, muulize fundi maswali haya, na usione haya. Akuonyeshe kipimo cha umeme, si taa ya kupimia. Akuonyeshe kamba fupi ya prizi ya meno kumi na sita. Kama hana, nenda uinunue wewe, umurudilie kesho. Umwambie mafili yaungwe kwa kuchomelewa na risasi ao kwa vibano, yavikwe mpira unaojikaza kwa joto. Akuambie fyuzi ya ampli itakaa wapi. Na radio ya zamani, pamoja na visi vyake na vile vipande vya plastiki vya pembeni (tundu la Toyota ni la milimita 200, radio mpya ni ya 180, utavihitaji), akurudishie vyote mu karto. Mafundi wazuri wako mu mji huu, ninawajua, na hakuna hata mmoja wao atakayekasirika kwa kuulizwa hivyo. Anayekasirika, chukua funguo zako.