NGUVU ZA INJINI NA USALAMA WA BARABARA YA MPAKANI

Tangu barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba ilipotiwa lami katika miaka ya 2010, mwendo wa pikipiki katika Nile Magharibi umebadilika. Zamani mashimo na vumbi ndivyo vilivyompunguzia dereva kasi. Siku hizi kasi yake huzuiwa na busara yake mwenyewe. Katika hali hiyo yatupasa kulitazama jambo linaloonekana kuwa la mafundi peke yao, nalo ni tamaa ya kufungua injini nyumbani na kubadilisha kamshafti ili pikipiki ipate nguvu zaidi. Twaona kwamba jambo hili lawahusu pia askari wetu wa jeshi na polisi, kwani wao ndio walinzi wa barabara na mpaka, na miongoni mwao wamo wenye pikipiki zao wenyewe.

Kamshafti ni mhimili mfupi wa chuma wenye manundu, unaozungushwa na cheni ndani ya injini. Injini inapozunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, na manundu yake hufungua valvu ya kuingiza hewa na petroli, kisha ile ya kutoa moshi. Nundu likiwa kubwa zaidi, valvu hufunguka sana na kukaa wazi kwa muda mrefu, na injini huvuta pumzi kubwa. Hiyo ndiyo siri yote ya nguvu inayotafutwa.

Lakini nguvu hiyo hupatikana injini inapokimbia mno. Katika mwendo mdogo, valvu zilizokaa wazi huacha sehemu ya petroli ipotee kabla ya kuungua. Injini hukosa mvuto, hutetema, na hula mafuta zaidi. Pikipiki ya bodaboda, yenye injini ya sentimita za ujazo 100 au 150, haikuundwa kwa mashindano. Kazi yake ni kuondoka na gunia la mihogo na kupanda mwinuko bila kuzimika. Basi anayeweka kamshafti ya mashindano huiondolea pikipiki yake mvuto uleule anaouhitaji kila siku.

Hatari nyingine ni ya ufundi. Cheni ya kamshafti ikirudishwa bila kulinganisha alama zake, valvu huweza kugonga pistoni, na injini ikafa papo hapo. Springi za zamani zikiwa dhaifu, valvu hazifungi kwa wakati. Nundu lililoongezwa kwa kuchomelea hulika upesi, na chembe zake huingia katika oili na kuharibu vyuma vingine.

Lililo kubwa kuliko yote ni breki. Fundi anayeongeza nguvu mara nyingi haongezi breki. Pikipiki inayokwenda kilomita 80 kwa saa ina nguvu ya mwendo mara nne ya ile inayokwenda 40, na huhitaji takriban mara nne ya umbali ili breki ziisimamishe. Mtoto anayevuka barabara akienda kuteka maji haujui umbali huo.

Hata hivyo, si haki kumlaumu kijana bila kuuliza anakimbilia nini. Dereva asiye na pikipiki yake hudaiwa fedha za mwenye chombo kila jioni, awe amepata abiria au hakupata. Tena mpaka una historia yake. Arua iliwajua vijana walioitwa OPEC, waliouza kwa madumu petroli iliyovushwa kutoka Kongo, ambako kodi ilikuwa nafuu. Pale bei zinapotofautiana kati ya upande mmoja na mwingine, kasi huwa na thamani ya fedha, na injini yenye mbio huwa chombo cha magendo. Kwa hiyo ugonjwa hautatibiwa kwa kunyang'anya kamshafti peke yake.

Tunawashauri askari wetu mambo matatu. Kwanza, kumfukuza kwa mbio mtu aliyebeba madumu ya petroli katikati ya soko ni kuhatarisha roho nyingi kwa ajili ya mzigo mmoja. Afadhali kizuizi kilichopangwa vizuri mbele yake. Pili, ukaguzi uanzie kwenye breki, matairi, taa na kofia ngumu, wala usigeuzwe kuwa njia ya kudai chai. Tatu, askari mwenye pikipiki awe mfano kwa wananchi.

Na anayelalamika kwamba pikipiki yake imelegea hasemi uongo. Arua iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi huipunguzia injini takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Dawa yake ni kusafisha kichujio cha hewa na kabureta, kurekebisha nafasi ya valvu, na kubadilisha oili kwa wakati. Abebaye mizigo mizito na afunge spoketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi: atapoteza mbio kidogo, lakini atapata mvuto bila kuifungua injini.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Barabara ya lami ililetwa ili iunganishe Arua na Koboko, na kuilinda isigeuke njia ya kwenda makaburini ni wajibu wa kila aliyevaa sare.