Kabimba: kiatu cha mchezo kifuate uwanja, si jina

Jioni, vijana wa Kabimba wanapokusanyika uwanjani kabla ya giza, kuna jambo ambalo watu wamelizoea: ndugu wawili wanagawana jozi moja ya viatu. Mkubwa anavaa cha kulia, mdogo anavaa cha kushoto, na mchezo unaanza. Watazamaji wanacheka. Lakini si jambo la kucheka. Mguu mmoja unashika udongo, mwingine unateleza, na goti ndilo linalolipa.

Wako watakaosema viatu vya michezo ni jambo dogo mbele ya njaa na usalama. Ni kweli kwamba familia nyingi za eneo la Kalemie zilikimbia vijiji vyao wakati wa mapigano kati ya Watwa na Waluba, hasa mwaka 2016 na 2017. Zingine zilifika kwa mashua mwaka 2025, baada ya Goma na Bukavu kuingia mikononi mwa M23. Kwa familia hizo, pesa ya kiatu ni pesa ya unga. Basi hiyo ndiyo sababu ya kuchagua vizuri. Mwenye jozi kumi anaweza kukosea moja. Mwenye jozi moja hawezi.

Kosa la kwanza ni kununua jina. Sokoni kijana anatazama alama iliyo ubavuni mwa basketi kabla ya kutazama soli. Viatu vya kuiga ni vingi, na hata kile cha kweli, kama kilikwisha valiwa miaka mingi Ulaya, kinaweza kuwa kimekufa ndani. Swali la kwanza liwe hili: kiatu hiki kitafanya kazi gani, na juu ya udongo gani?

Kabimba ni nchi ya mawe ya chokaa, ndiyo yanayolisha kiwanda cha simenti. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, uwanja unakuwa mgumu kama sakafu. Viatu vyenye meno marefu vilitengenezwa kwa majani na udongo laini. Juu ya ardhi ngumu meno hayaingii: uzito wote wa mwili unabaki juu ya ncha chache, kisigino kinauma, kifundo cha mguu kinapinda. Kwa mtoto ambaye mifupa yake bado inakua, maumivu ya kisigino yanaweza kudumu majuma mengi. Meno marefu yana faida yake wakati wa matope. Lakini mwenye pesa ya jozi moja tu atafute soli yenye vimeno vifupi vingi. Hiyo inafaa misimu yote miwili, na mtoto anaweza kwenda nayo hata shuleni.

Anayekimbia mbio au kutembea safari ndefu anahitaji kitu kingine: soli nene kidogo kisiginoni, inayopinda pale vidole vinapopindia. Kiatu kinachojipinda katikati kama kitambaa hakishikilii mguu. Na buti za kazi za kiwandani si za michezo. Ni nzito, na zikibeba vumbi la simenti, jasho likiingia, vumbi hilo linachoma ngozi.

Kuhusu namba, mtu apime jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana kutwa. Asimame, miguu yote miwili, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa gumba. Wazazi hupenda kununua namba kubwa sana ili mtoto akue ndani yake. Kiatu kinachocheza mguuni kinatoa malengelenge na kinaangusha. Kinachobana ni kibaya zaidi. Abebe Bikila wa Ethiopia alipofika Roma mwaka 1960 kwa michezo ya Olimpiki, viatu alivyopewa havikumkaa vizuri. Alikimbia marathoni peku na akashinda. Mwaka 1964 huko Tokyo alivaa viatu vilivyomfaa, akashinda tena. Lakini Bikila alikuwa amezoea kukimbia peku, tena juu ya barabara za mji. Mtoto anayekanyaga misumari na vipande vya chupa hana bahati hiyo. Peku inaleta funza, minyoo ya safura na, kwa asiyechanjwa, pepopunda.

Kwa viatu vya mitumba, mnunuzi aviweke juu ya meza na kuvitazama kwa nyuma. Kama kisigino kimelalia upande mmoja, aviache. Abonyeze soli: ikiwa ngumu kama ubao, imekwisha. Avute ncha ya mbele aone kama gundi inaachia. Ufa mdogo fundi wa viatu anaushona. Soli iliyokufa hakuna fundi anayeifufua.

Linabaki jambo linalowahusu wakubwa. Baadhi ya viongozi wa timu humkataa mtoto asiye na viatu, wakisema atakanyagwa. Wana haki kuhusu hatari hiyo. Tena sheria ya 4 ya mpira wa miguu inadai kila mchezaji avae viatu. Lakini mazoezi ya jioni si mechi ya ligi. Timu inaweza kuamua kwamba siku ya mazoezi hakuna meno marefu kwa yeyote, na kwamba uwanja unaokotwa mawe na misumari kwanza. Inaweza pia kuwa na sanduku la viatu: vilivyobana kwa mkubwa vinarudi ndani, mdogo anavichukua. Na wasichana wahesabiwe humo, kwa kuwa nyumbani jozi moja mara nyingi huenda kwa kaka.

Mashirika ya kiutu nayo, yanapoleta mipira na jezi kwa watoto wakimbizi, yaanze kwa kupima miguu. Jezi nzuri juu ya mguu wenye kidonda inapendeza kwenye picha tu. Mtoto aliyepoteza nyumba, shule na marafiki asipoteze na uwanja kwa sababu ya soli.