Fundi Bati wa Ireland Hakuwa Mwombaji

Wako waandishi wasemao kuwa mafundi bati waliozunguka mashamba ya Ireland walikuwa wakulima tu, walionyang'anywa ardhi katika njaa kuu ya 1845 hata 1852, wakageuka ombaomba. Kauli hiyo haisimami. Uchunguzi wa urithi wa damu uliochapishwa 2017 waonyesha kuwa watu hawa walitengana na wenzao kabla ya njaa hiyo. Walikuwa na lugha yao, tena walikuwa na kazi. Mkulima akaaye mbali na mji alikinga maziwa kwa ndoo waliyoiunda wao. Ikitoboka, waliiziba kwa lehemu pale pale mlangoni. Farasi na punda alinunua kwao, na habari za mbali alizisikia kwao. Nani, basi, aliyemtegemea mwenziwe? Plastiki ilipoingia, kazi ya bati ikafifia. Na tume ya serikali, katika taarifa yake ya 1963, ikautazama mwendo wao kama maradhi ambayo dawa yake ni kuwayeyusha katika umma uliotulia. Mjumbe wa kwao hakuwamo hata mmoja! Dola iliwatambua kuwa kabila tarehe 1 Machi 2017, wakati wajuao kukata bati walikuwa wamebaki wachache mno.